Mapaa Tuliyowaezekea Wageni

Mwenyekiti, akina mama wenzangu, na nyinyi wazee wawili mliojificha hapo nyuma karibu na mlango, hamjambo? Asanteni kwa kiti lakini sitaketi. Nikiketi maneno yananikwama, na miguu inaanza kucheza chini ya meza kama ya mtoto kanisani. Wacheni nisimame tu.

Nimetoka upande wa Othaya asubuhi, na nimeambiwa niongee Kiswahili kwa sababu Sagana ni njia panda. Kuna bibi ya polisi hapa kutoka Magharibi, kuna mwalimu kutoka Machakos. Kiswahili changu nilikiokota sokoni, mtanisamehe.

Mwenyekiti wenu aliniambia ati mnaanza mwaka, na kila mmoja ameombwa alete lengo lake, lengo kubwa, la kutisha kidogo. Nimewasikia mkiyataja. Huyu anataka ng'ombe wa gredi, yule anataka duka la mawe, na kuna mama hapa anataka kujifunza kuendesha lori, mkamcheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa na lengo la kutisha kuliko hayo, nikalifikia, na siku ile ile niliyolifikia ndiyo niliyoanguka. Naomba mnisikilize.

Kwetu watu wanaishi juu ya kilima na mto uko chini kabisa, mahali ambapo ukitupa jiwe hulisikii likifika. Mimi nilianza kushuka huko nikiwa na miaka saba. Mtungi unaukalisha mgongoni, unaufunga kwa ile kamba ya ngozi tunayoiita mukwa, kamba inapita kwenye paji la uso, halafu unapanda kilima ukiangalia vidole vya miguu yako. Mnaona hapa? Sogea, mama, uone. Huu mfereji kwenye paji langu si wa uzee. Ni mukwa uliouchimba. Wakati wenzangu walikuwa wanaingia darasani, sisi tulikuwa tumefungiwa katika vijiji vya Hali ya Hatari, na msichana kama mimi kazi yake ilikuwa ni maji na kuni. Kusoma nilifundishwa na Biblia, nikiwa mtu mzima.

Basi Uhuru ulipokuja nilikuwa na binti mchanga. Nilimshika nikaangalia kile kipaji chake cha uso, laini, hakina alama, nikasema: huyu hatafungwa kamba. Huyu ataenda shule na atafika mbali. Sikumwambia mtu, hata baba yake. Lakini tangu siku ile sikutulia. Ningekuwa nalima kahawa, nawaza maji. Ningekuwa kanisani, nawaza maji. Mhubiri akisoma habari za mwanamke kisimani mimi naanza kupiga hesabu ya hatua za kwenda mtoni.

Ndugu zangu, nyinyi mnajua vile vikundi vya mabati vilivyoanza miaka ile. Wanawake wanaungana, wanalimia watu, wanachuma kahawa ya watu, na malipo yanageuzwa mabati, nyumba ya huyu mwezi huu, ya yule mwezi ujao. Kile cha kwetu nilikianzisha mimi. Tulikuwa wanawake ishirini na wanne. Wengine walitaka kutoka kwenye nyasi, kwa sababu nyasi zinavuja na panya wanazaana humo. Mimi nilitaka mabati kwa sababu mvua haiwezi kuingia ndani ya bati, inateremka. Weka mfereji pembeni ya paa, weka tangi chini ya mfereji, mto umekuja nyumbani. Tulikubaliana hivyo, na tuliomba juu ya jambo hilo: kila nyumba paa, mfereji na tangi, vitatu pamoja. Nyumba nne za kwanza tulizimaliza hivyo. Ya kwanza ilikuwa ya mjane mmoja anayeuza ndizi. Jina lake halina kazi hapa, nitamwita Mama wa Ndizi.

Sasa sikilizeni vile mtu anavyopotea akiwa barabarani.

Chifu alituita barazani. Akatusimamisha mbele ya wanaume, akasema hawa wanawake ni mfano, akatutajia kilima cha ng'ambo ya mto, ati wao wameshafika nyumba kumi. Kumi! Sisi nne. Halafu akasema kuna mgeni mkubwa atakuja mwisho wa mwaka kuona kazi ya maendeleo, na angependa kupelekwa mahali ambapo kila nyumba inang'aa.

Sijui niwaelezeje vile kichwa changu kilivimba. Nilitoka barazani nikitembea haraka hadi wenzangu wakabaki nyuma. Usingizi ulipotea. Nikiamka asubuhi nasimama uani natazama kilima cha ng'ambo, nahesabu vile mabati yao yanavyometa, halafu nageuka nahesabu yetu. Nikaitisha mkutano. Nikawaambia: mabati ya tangi moja yanatosha nusu ya paa. Tuache matangi kwanza. Tuache na mifereji. Tuezeke nyumba zote, tuwapite wale, mambo ya maji tutarudia baadaye.

Fundi wetu alikuwepo. Akakuna kichwa. Mfereji yeye anauita gata. "Mama, bila gata hiyo maji itachimba msingi ya nyumba."

Nikamuuliza, "Gata inaonekana kutoka barabarani?"

Akasema, "Hapana."

"Basi."

Watu walicheka, na mimi nilifurahi kwamba wamecheka. Mama wa Ndizi peke yake hakucheka. Alisema polepole, "Mwenyekiti, wewe ndio ulituambia hii kitu ni ya maji." Nilimjibu mbele ya watu kwamba yeye tangi lake analo, ashukuru Mungu anyamaze. Nilimwambia hivyo mjane. Naona aibu hata leo.

Tulifanya kazi kama watu wanaofukuzwa. Nyumba ya kumi, ya kumi na tano, ya ishirini. Yangu ikaezekwa katikati hapo, bati tupu bila kitu pembeni. Na binti yangu? Binti yangu alikuwa darasa la saba. Mimi nikiwa kwenye mashamba ya watu na mikutano ya kamati, kazi ya mto ilikuwa yake, kabla ya shule na baada ya shule. Yule niliyesema hatafungwa kamba, nilimfunga mwenyewe, na kamba yenyewe ilikuwa yangu ya zamani. Mwalimu wake alituma ujumbe kwamba mtoto analala darasani. Mnajua nilijibu nini? Nilisema, mwambieni alale mapema.

Siku ya mgeni ilifika, katika ile wiki ya mtihani. Mtihani ulikuwa uanze kesho yake. Wageni wanataka chai, sufuria zinataka kuoshwa, watoto wa kilima kizima wanataka kuogeshwa waimbe wimbo. Asubuhi hiyo nilimtuma mtoni mara tatu. Mara ya tatu aliniangalia akasema, "Mama, niko na kusoma kidogo kumebaki." Nikamwambia, "Utasoma jioni. Leo usiniaibishe."

Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili. Njia ya mto ilikuwa tope tupu.

Mgeni alisimama mahali tulipompangia. Akanyoosha fimbo yake kwenye mapaa, akasema hajaona kitu kama hiki mlimani kote. Nyumba ishirini na nne, zote zinang'aa. Watu wakapiga makofi, na mimi nikasimama mbele na ua kifuani, na lengo langu liko pale, limefikiwa, kila mtu analiona. Halafu nikaona mwanamke anakuja mbio kutoka upande wa mto, nguo zake matope hadi kiunoni, na hakuwa anamwangalia mgeni. Alikuwa ananiangalia mimi.

Mtoto alikuwa ameteleza na mtungi mgongoni. Mtungi ulimvuta, akaangukia mkono. Mkono wa kulia, mfupa umevunjika mahali pawili. Tulimbeba kwa kitanda cha miti hadi barabarani, tukampeleka hospitali Othaya. Njiani hakulia. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Kesho nitaandika na mkono gani?"

Hakuandika. Wenzake waliingia chumba cha mtihani, yeye akaingia wadi.

Wanawake walikuja hospitalini na mayai na uji, wakamsalimu mtoto, mimi wakanipita. Sikuwalaumu. Nilirudi nyumbani nikashindwa kukaa. Nafagia mahali palipofagiliwa. Nachukua jembe, naliacha, nachukua tena. Nilikuwa na hasira na sikujua nimshike nani. Chifu? Wale wa ng'ambo? Mtoto mwenyewe, mbona hakutazama njia? Ndiyo, nilifikiria hata hivyo. Mtu akianguka anatafuta wa kumwangukia.

Baada ya siku chache tulimleta nyumbani, mkono umefungwa plasta. Mchana mmoja maji yakaisha. Nikachukua mtungi, nikatoa mukwa msumarini, nikasimama nje chini ya ukingo wa paa kujifunga, na mvua ikaanza. Mvua kubwa, ile ya kwetu ya mwisho wa mwaka. Maji yakaanza kuteremka kwenye mabati yangu mapya, yakanimwagikia begani na kichwani, mengi, kama mtu amefungulia bomba. Na mimi naendelea kukaza kamba.

Binti yangu alikuwa mlangoni. Akaniuliza, "Mama, unaenda wapi?"

"Mtoni kuchota maji."

Akanyoosha mkono ule mzima, akauweka chini ya yale maji ya paa, akauacha hapo ukijaa na kumwagika. "Na hii ni nini?"

Nawaambia, ndugu zangu, nilicheka. Nilicheka hadi nikaketi chini kwenye tope, halafu kicheko kikageuka kilio sijawahi kulia tena vile. Miaka yote ile nilikuwa nayatafuta maji, nikajenga mahali pa kuyakamatia, nikaondoa kitu kimoja tu ambacho mgeni hawezi kukiona akiwa barabarani. Mtoto alitoka akaketi na mimi. Hapo, na plasta yake imefunikwa na nailoni, nilimwomba msamaha. Kwetu mzazi haombi mtoto msamaha, mnajua. Mama yangu angesema nimepotewa na akili. Nilimwomba hata hivyo. Alisema tu, "Leta karai, maji inapotea."

Tulitoa makarai, sufuria, hata beseni ya kuogea.

Jumamosi niliita kikundi. Sikujua kama watakuja. Walikuja, wakaketi mbali mbali, nikasimama kama nilivyosimama hapa. Niliwaambia niliwatoa katika kile tulichokubaliana na kukiombea, kwa sababu nilitaka kutazamwa. Nikamgeukia Mama wa Ndizi, nikamwambia neno nililomtupia ni langu na nimelirudisha. Nikaweka ufunguo wa sanduku la kikundi mezani. Wakamchagua yeye mwenyekiti, na jambo la kwanza alilosema lilikuwa hili: hakuna sherehe tena, hakuna rangi ya milango, hakuna kitu, mpaka kila nyumba iwe na gata na tangi. Na nyumba yangu iwe ya mwisho. Nilikubali. Nilikuwa nimeitaka hivyo mwenyewe.

Kungoja kulinitesa, sitawadanganya. Nyumba kumi na tisa zinatangulia! Kila wiki namwuliza fundi, umefika wapi, hadi akawa akiniona anapitia shamba la jirani. Mtoto alikuwa amerudia darasa la saba, anaketi na watoto aliowatangulia, na mimi tangi sina. Asubuhi moja Mama wa Ndizi akasimama mlangoni pangu akasema, "Huyu msichana atachota kwangu. Mpaka yako ikuje. Na wewe usinishukuru, mimi nafanyia yeye." Miezi yote ile, binti yangu alivuka ua mmoja tu kupata maji. Mto hakuuona tena.

Tangi letu lilikuja mwezi wa kumi. Mtihani ukaja mwezi uliofuata. Aliandika kwa mkono ule ule, umepinda kidogo, na alipita, akaitwa sekondari ya bweni.

Basi shukrani zangu. Nashukuru yule mjane kwanza, kwa maji na kwa kunikumbusha siku ambayo sikutaka kukumbushwa. Nashukuru fundi, ambaye aliniambia ukweli kuhusu msingi wa nyumba na hakusema "nilikwambia", ingawa alikuwa na haki. Nashukuru mwalimu aliyemwekea mtoto dawati karibu na dirisha bila kumwaibisha. Nashukuru wale wanawake waliorudi Jumamosi ile, wakati wangeweza kukaa kwao. Na Mungu, ambaye alituma mvua mchana na mimi nimesimama mahali panapofaa.

Na nyinyi, msipunguze malengo yenu. Mama wa lori, endesha lori, na wakikucheka piga honi. Lakini kabla hamjatoka hapa leo, kila mtu amwambie jirani yake ni kwa ajili ya nani anakitaka anachokitaka, na jirani akiweke moyoni. Siku ukianza kusema "hicho tutarudia baadaye", jirani akusimamishe hata kama utamtukana. Mimi nilimtukana wangu, na bado alinifaa.

Binti yangu sasa anasomea ualimu. Akija likizo analala hadi saa tatu asubuhi, jua limeingia dirishani, na mimi napita kwa vidole nisimwamshe. Majirani wanasema nimemharibu mtoto, ati hata kushuka mtoni hajui tena njia.

Mimi nawajibu: hajui? Vizuri sana.