Bwana Harusi Asiye na Kichwa

"Kwa-kwa-kwa!" Kicheko kilimfikia Jastin kabla hajageuka. Mpiga picha mkongwe wa Njombe, aliyekaa nyuma yake kwenye basi dogo la Kosta, alikuwa akimcheka kwa kuhariri kwenye tableti bango la harusi la mteja, Beatrisi.

"Mdogo wangu, kazi ya watu hufanyika kwenye kompyuta ya mezani!"

"Kaka, hiyo kompyuta yako ingepanda Kosta hii?" Jastin alijibu, akifuta pichani sweta ambalo Beatrisi alivaa juu ya gauni kwa sababu ya baridi. Karibu na Makambako Kosta ikaruka tuta, kidole kikateleza, kichwa cha bwana harusi kikafutika.

"Meza yangu hairuki matuta!" mkongwe akasema. Abiria wakavunjika mbavu, Jastin pia.

Kosta ikasimama kituoni. Beatrisi alikuwa nje ya dirisha akimngoja, amenyoosha mkono apewe tableti alione bango lake.

"Usiangalie kwanza, dada!" Jastin akapaza sauti. "Naapa, kabla sijashuka mumeo atakuwa na kichwa!"