Mzee Obura, Aliyeitwa Ofisini Kila Tulipofungwa

Mzee Dalmas Obura anastaafu tarehe 31 Desemba 1957, baada ya miaka ishirini na sita katika kiwanda chetu cha magunia hapa Nakuru. Alianza kama mpakiaji, akawa fundi wa mashine za kushona, na jioni akawa mwalimu wa timu yetu ya mpira. Nimeombwa niandike maneno haya yasomwe kwenye chai hii ya hapa Bondeni, kwenye nyumba za kiwanda. Ni yetu sisi wenyewe. Tafadhali, asitokee mtu wa kuyapeleka ofisini.

Wachezaji wa zamani wanakumbuka alivyotufundisha kupiga vichwa kwa gunia lililojazwa nyasi na kuning'inizwa mtini. Aliyekwepa alizungushwa uwanja mpaka akome. Golikipa wetu, Jonah Kiplangat, alikuwa na tabia ya kusali kila kona ikipigwa, na Mzee akamwomba angalau asali macho wazi. Tulicheka sana enzi hizo, na vikombe tulileta.

Kisha ofisi ikaunda kamati ya timu. Kamati ndiyo ikawa inapanga nani acheze, na huku nyuma mabeki wakapangiwa zamu ya usiku, Jumamosi wanaingia uwanjani wakisinzia. Tukaanza kufungwa ovyo. Mpaka leo watu wanabishana kama kosa ni la wakubwa au la mwalimu, lakini wanabishana kwa kunong'ona. Katika hali hii ya hatari iliyotangazwa na serikali, ukifukuzwa kazi, nyumba ya Bondeni imekwenda, na kibali cha kukaa mjini kimekwenda nayo.

Mwaka juzi Naivasha walitufunga mabao matano. Jumatatu meneja akatukusanya, akasema Kiplangat na mabeki wawili wameuza mechi, waondoke. Kiplangat alikuwa na mtoto mchanga nyumbani. Hata hivyo hakuna aliyethubutu kutaja zamu ya usiku.

Mzee alivua kofia, akasogea mbele. "Bwana, kosa ni langu. Hawa wamecheza nilivyowafundisha."

Wale watatu walibaki kazini. Yeye alivuliwa ufundi, akarudishwa kubeba magunia na umri ule. Tangu hapo kila tukifungwa aliitwa ofisini peke yake, na sisi tukalala kwetu. Ukweli ni kwamba mwalimu hakuwa na kosa lolote. Nimeuandika.

Jepchumba, mke wa Kiplangat, amemfumia Mzee sweta. Sisi wengine tuna asante tu, Mzee, na haitoshi. Nenda salama kwenu Alego, ulime mtama wako, ulale usingizi usio na Jumatatu. Tunakuombea siku nyingi za amani.

Kamati imenipa mimi timu niifundishe. Jumamosi tunacheza, na mabeki wote wako zamu ya usiku. Mke wangu, Nabalayo, ameshaanza kufunga sufuria, tayari kwa kuhama.