Kamba ya Mama Dominika: Wasifu wa Marehemu Bertilla Leonsi Mwanakulya (1966–2025)

Tunayemsindikiza leo, Bertilla Leonsi Mwanakulya, alizaliwa Kaengesa tarehe 14 Machi 1966, mtoto wa tatu kati ya sita wa Mzee Leonsi na Mama Albina, wakulima wa mahindi na ulezi. Kaengesa alibatizwa, Kaengesa alipata komunyo ya kwanza, na Kaengesa ndiko alikojifunza kubishana.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1974 hadi 1980. Alipovunja ungo akiwa darasa la sita, hakuna aliyemweleza chochote zaidi ya "sasa umekua". Kila mwezi alibaki nyumbani siku nne na vipande vyake vya kanga kuukuu. Hesabu za sehemu zikafundishwa hayupo, na sekondari hakuchaguliwa. Mpaka uzeeni, akitaka robo ya kitambaa alikikunja mara mbili, akisema, "Sehemu zilipita mimi nimejifungia ndani." Alicheka akisema hivyo, lakini lilimuuma. Mwaka 1981 masista walimpokea kujifunza ushonaji, na mwaka 1983 akatoka fundi kamili.

Tarehe 5 Oktoba 1991 alifunga ndoa takatifu na Yusto Kapele, seremala wa Pito. Mungu akawajalia Dominika, Fabiani na Kristiana. Mzee Yusto ni mtu wa maneno machache. Marehemu alidai yale mengine yote aliachiwa yeye ayaseme.

Alishona sare za shule hapo Pito kwa miaka mingi, na sare ndizo zilizomfikisha kwa wasichana. Kuanzia 2012 alikwenda shuleni kila Ijumaa, akiwaeleza bila kuzunguka kwamba hedhi si ugonjwa wala mkosi, na kuwafundisha kushona taulo za kike za kufua: flaneli juu, kitambaa cha taulo katikati, na kishikizo cha kuifunga kwenye chupi. Zile za kutupa, alisema, zinajaza vyoo, na zikichomwa moshi wake unawarudia wenyewe. Ya kitambaa ukiitunza inakufaa mwaka na zaidi. Watoto wakamwita Mwalimu, cheo ambacho hakuna ofisi iliyompa.

Kuna kosa moja ambalo tusingelisoma hapa kama mwenyewe asingekuwa analisimulia kila mahali. Machi 2014, mvua ikiwa imekolea, Scola, binti wa mfugaji Mzee Bundala, alipata muwasho na vidonda, akakosa shule wiki tatu. Alikuwa akizificha taulo zake mbichi chini ya godoro, kaka zake wasizione. Baba yake akaamua kwamba shule basi. Marehemu alikwenda kwa miguu hadi kwao, akasema, "Baba Scola, kosa ni langu. Nilimfundisha kushona, sikumfundisha kuanika."

"Aanike wapi, Mwalimu?" Bundala akamuuliza. "Wewe zako unaanika wapi?"

Marehemu naye zake alizianika nyuma ya choo, amezifunika kanga.

Kesho yake, Jumamosi, alifunga kamba mbele ya nyumba, kando ya barabara, akazianika zote. Siku hiyo jumuiya ilikuwa inasali kwake. Wanawake waliinamisha vichwa, wanaume wakakazia macho vitabu vya nyimbo. Katikati ya rozari mawingu yakajikusanya. Mzee Yusto akanyanyuka. "Mnisamehe kidogo, nguo za Mama Dominika zitalowa," akasema, akatoka, akaanua moja moja watu wote wakimwona, akarudi akapiga magoti. Rozari ikaendelea. Habari ilimfikia Bundala kabla ya jioni. Jumatatu Scola alirudi shule, na uani kwao ikafungwa kamba, ile ya kufungia ng'ombe.

Mwaka jana moyo ulianza kumsumbua marehemu. Alilazwa mara tatu mjini Sumbawanga, na muuguzi aliyemhudumia siku za mwisho ni Scola huyo huyo. Kila alipoingia zamu alisema, "Shikamoo, Mwalimu." Naye alimjibu, "Marahaba. Chini ya godoro kuna nini leo?" Alifariki Jumatatu tarehe 9 Juni 2025, alfajiri, mkono wake ukiwa mkononi mwa Scola. Familia inamshukuru binti huyu, na inamshukuru Mungu kwa miaka hamsini na tisa.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu watano, na wasichana ambao hatukuweza kuwahesabu.

Juzi vijana walitaka kuifungua kamba yake wapate nafasi ya turubai. Mzee Yusto akakataa. Turubai ndilo lililosogezwa. Jana asubuhi mjukuu wake Faith, mwenye miaka kumi na mitatu, alipita katikati ya waombolezaji na beseni, akaanika zake, akaingia ndani. Mwenyewe ameruhusu hili lisomwe. Mzee Bundala alikuwa amekaa karibu na kamba. Alitazama, akainuka, akasogeza kiti chake ili asizikinge jua.

Mama Dominika apumzike kwa amani, mahali penye mwanga.