Donati Amekaa Mara Mbili

Mahakama ya mji wetu, hapa Iowa, ina mabenchi mawili, moja kila upande wa mlango. Kwa miaka kumi na moja Merle, tunayemwita Donati kwa kuwa hajawahi kuonekana asubuhi bila donati mkononi, alikalia la kushoto, na Delbert la kulia, wakitaniana juu ya vichwa vya wapita njia. Mwezi wa tano alikuja mpiga picha za majengo. Mwezi wa saba tulimzika Delbert. Jana ile picha ilibandikwa kwenye dirisha la duka la vifaa, kubwa kama mlango. Leo mjane wa Delbert, Verna, alikuwa anakuja kuiona, maana ndiyo ya mwisho aliyopigwa mumewe. Tukatangulia sisi marafiki wa marehemu, kwenye benchi la nje ya duka, na chupa yetu ya kahawa.

— Donati, hebu angalia, alisema Karani, aliyefanya kazi mahakamani humo miaka thelathini. Huyu wa kushoto ni wewe.

— Ni mimi.

— Na wa kulia?

Donati aliacha kutafuna.

— Ni mimi.

— Delbert je?

— Usiniulize. Mimi nilikuwa bize kukaa mara mbili.

— Ulihama wewe. Alipopiga ya kwanza, ukakimbilia upande wa pili.

— Kwa magoti haya? Na donati nikaihamishia mkono wa kushoto njiani?

Karani alishusha sauti.

— Labda kamera ilijua. Ilimwona mtu amebakiwa na miezi miwili, ikamtoa mapema.

— Koma, bwana. Mke wake anakuja.

— Basi nieleze vivuli. Cha kushoto kinaelekea mlangoni, cha kulia nacho kinaelekea mlangoni. Siku hiyo yalichomoza majua mawili?

Orrin, seremala mstaafu, alikuwa hajagusa kahawa yake. Tunamwita Pimamaji, kama kile kifaa cha kupimia usawa; hunyoosha picha hata kwenye ukuta wa daktari wa meno.

— Mpiga picha amegeuza, alisema.

— Amegeuza nini?

— Nusu ya kushoto. Ameigeuza kama kwenye kioo, akaibandika kulia. Mimi ndiye niliyemwambia kule kulia bomba la mvua limepinda na ukuta umeshuka vidole viwili, pande hazitalingana hata apige mpaka Krismasi.

— Na Delbert alikuwa amekaa hapo hapo.

— Nilikuwa naangalia bomba.

Verna alifika na fremu tupu ya picha kwapani, kioo chake kimeshafutwa.

— Karibu, shemeji, alisema Donati, akasimama mbele ya picha kama pazia.

Pimamaji alimsogeza, akavua kofia, akamweleza Verna yote, pamoja na bomba. Verna alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaweka kidole kwenye benchi la kulia, juu ya Donati wa pili.

— Sawa, Orrin. Na ile nusu aliyoitoa, ameiweka wapi?

Namba ya simu ya mpiga picha ilikuwa mfukoni mwa Pimamaji tangu mwezi wa tano, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amefikiria kumuuliza.