Ragnhild Anastaafu, Anatuachia Jina

Ijumaa tarehe 12 Juni, baada ya miaka thelathini na minne ya kufundisha mawasiliano, utangazaji na lugha ya alama katika Chuo cha Maendeleo ya Wananchi cha Hällnäset, mwenzetu Ragnhild Orsmark anastaafu. Naandika "anastaafu" na bado siamini, maana juzi tu nimemwona akipanda ngazi za studio mbio, huku wanafunzi wake wakihema nyuma.

Ragnhild alizaliwa kiziwi mjini Ånge, ambako baba yake alikuwa fundi wa reli. Alipofika hapa chuo kilikuwa na kamera moja, nzito kama gunia la viazi, na mwalimu mwingine kiziwi hakuwepo. Wakubwa walimpa chumba cha chini, karibu na tangi la maji moto. Kutoka chumba hicho alianzisha Habari za Ijumaa, kipindi cha lugha ya alama ambacho leo kinatazamwa na viziwi nchi nzima, na wengi wa wanaoonekana kwenye televisheni wakisema kwa mikono walianzia hapo kwenye joto.

Mlangoni pa studio aliandika kwa rangi nyekundu: MIKONO KWANZA. Sisi tunaosikia tunapenda nyuso. Mtu akisema jambo la kugusa moyo, mpiga picha anamsogelea usoni, na mikono inabaki nje ya picha. Hapo mtazamaji kiziwi ni kama amekatiwa simu katikati ya neno. Hjalmar Rönn, mpiga picha wetu, alifanya kosa hilo siku yake ya kwanza kazini. Ragnhild alimwonyesha tena picha hiyo, akamtazama, akamwambia kwa alama: "Umenionyesha pua nzuri sana. Haya, niambie, pua hii imesema nini?" Tangu hapo Hjalmar amewauliza hivyo hivyo wageni wote, tena kwa maringo, kama vile swali ni la kwake.

Na nani atasahau mapumziko ya kahawa? Mtu mwenye andazi la mdalasini mkononi hawezi kusema vizuri kwa alama. Ragnhild alilijua hilo na akalitumia. Mwanafunzi mwenye maneno mengi alikuwa anapewa maandazi mawili, moja kila mkono. "Kula, mpenzi," alikuwa akisema, "wengine nao wana habari." Mkuu wa chuo amewahi kupewa mawili. Mkutano uliisha mapema siku hiyo!

Mimi nilimjua nikiwa jikoni. Nilikuja hapa kumenya na kuosha vyombo, shule yangu ni ndogo, na nilikuwa na mtoto ambaye daktari alikuwa ametuambia hasikii. Sikujua hata nianzie wapi. Ragnhild alisimama kwenye dirisha la kupokelea chakula, akaniangalia, akaandika kwenye karatasi ya kufutia mdomo: "Unamenya karoti bila kuzitazama. Vidole hivyo vinafaa. Jumanne saa kumi, njoo na mtoto." Nilikwenda. Leo naongea na mwanangu Vide, tunagombana, tunataniana. Amefika miaka mitano na anajua kunidanganya kwa lugha nzuri kabisa.

Kitu kimoja tu kilikuwa hakijapatikana, nacho ni jina la alama, ishara moja ya mkono inayomtaja mtu. Jina hilo mzazi anayesikia hampi mtoto. Anayempa ni kiziwi anayemfahamu, na ndilo analokwenda nalo maisha yote. Bila jina, Vide alikuwa anatajwa kwa vidole, herufi moja moja, kama mtu anayeitwa posta kuchukua mzigo. Na mbele ya watu wengine wote alificha mikono mifukoni. Ni kwangu na kwa Ragnhild tu aliitoa. Nilipomwomba, alinijibu: "Jina si supu, haliagizwi dirishani. Acha nimtazame kwanza."

Alimtazama majira ya baridi yote. Kisha tukatangaziwa kwamba anastaafu na anahamia Östersund kwa dada yake. Agosti Vide anaanza darasa la awali. Kina mama wenzangu, mnajua nililalaje. Nilimwona kichwani mwangu anaingia darasa jipya, anaulizwa yeye ni nani, na mikono yake inabaki mifukoni.

Ijumaa iliyopita ilikuwa zamu yake ya mwisho kusoma habari. Tulijaa ukumbi wa chakula mbele ya ukuta unaomulikwa picha za kipindi, na Vide mstari wa mbele na andazi kila mkono. Chini studioni, Ragnhild alitangaza kwamba ziwa limepata joto la kuogelea, "kwa wenye ngozi ya sili". Halafu akasema: "Habari ya mwisho. Jikoni kwetu kuna kijana ambaye kila nikipita yuko dirishani, anaangalia nani anakuja. Leo nampa jina. Vide, jina lako ni hili."

Na hapo hapo picha ikasogea! Uso wa Ragnhild ukajaa ukuta mzima, macho yanang'aa, hadi hereni zikaonekana. Mikono hakuna. Hjalmar alikuwa analia, na kidole chake kikafuata moyo.

Ukumbi ulilipuka. Watu walipiga sakafu kwa miguu, wakagonga meza. "Mikono! Mikono!" "Hjalmar, pua imesema nini?" Kipindi kikaisha, ukuta ukawa mweupe, na wote wakamgeukia Vide: jina gani?

Kumbe yeye alikuwa nalo tangu asubuhi. Mwenye jina ana haki ya kulikataa, kwa hiyo Ragnhild alikuwa amemwonyesha kwanza, pale dirishani, na mwanangu akanificha. Alitazama kulia, akatazama kushoto. Akaweka andazi moja mapajani mwangu, akainua mkono pembeni ya jicho, akavifungua vidole taratibu, kama mtu anayefungua pazia. Akarudia, kwa nguvu zaidi. Ukumbi mzima ukamuiga.

Ragnhild alipotokea mlangoni, Hjalmar nyuma yake akiomba radhi kwa mikono miwili, alikuta watu wote wanalitaja jina hilo. Akamwambia Hjalmar: "Leo pua yangu imefanya kazi kuliko mimi."

Ragnhild, asante kwa studio, kwa wanafunzi, kwa Jumanne zetu. Nenda Östersund ukapumzike, ukalale hadi jua lichoke kukungoja, na kila kahawa yako iwe na mtu wa kuongea naye. Na ninyi wenzangu, tarehe 12 msipige makofi, inueni mikono juu mwitikise, aione yote. Vide atakuwepo. Amesema safari hii ataweka chini maandazi yote mawili.

Tuva Hägglund, jikoni