Tuliyaita Mchanga

Benchi letu ni la zege, limeegemea ukuta wa kibanda cha fundi viatu, na asubuhi hukalika tu baada ya kahawa ya kwanza. Siku hiyo Baba Mdogo hakukaa. Alisimama na ndoo mkononi, na ndani yake vifaranga vya samaki wa trauti, mikia yao imegeuka myeusi, walikuwa wakizunguka bila kupumzika, kila mmoja kama anaufukuza mkia wake. Bwana Samaki, afisa wa uvuvi, alikuwa ametoka nyumbani kwake muda si mrefu na kuacha agizo: samaki wote wafukiwe, mabwawa yakaushwe na kumwagiwa chokaa. Mabwawa hayo aliyachimba babu. Ndiyo yaliyotulea.

Fundi viatu, tunayemwita Redio kwa sababu hazimiki, alisema kosa ni la mnara wa simu.

— Wanatafuta mtandao hao. Wakiupata watatulia.

Baba Mdogo hakucheka. Tipa, dereva wa lori linalosomba mchanga mtoni, alidai samaki wamelishwa machicha ya pombe. Alipoona hasikilizwi, akasema huenda ni mkono wa mtu, tena mtu wa ndani ya ukoo, akanitazama mimi.

— Tipa, ndoo hii nitakuvika kichwani, Baba Mdogo akasema.

Kisha akatueleza alichoambiwa. Ni kimelea. Huanza maisha yake ndani ya vijinyoo vya matopeni, kikitoka humo humwingia samaki mchanga ambaye mifupa yake bado laini, kikampinda uti. Maji yakiwa baridi na ya kasi, juu ya mchanga, vijinyoo hivyo ni vichache. Maji yakilala, yakapata joto na matope, huzaliana hadi basi. Bwana Samaki alikuwa ameuliza ni nani aliyejaza matope mabwawani. Baba Mdogo akamjibu kwamba ni sisi wenyewe, kila tukisafisha, kama babu alivyofundisha.

Mimi si msemaji pale kijiweni, lakini hilo sikuweza kuliacha lipite.

— Babu hakusema matope. Alisema tutandike mchanga. Mama aliubeba kwa karai, ukikauka ulibaki mweupe kwenye nywele zake.

— Si vyote vinatoka mtoni? Redio akauliza.

— Havifanani.

Baba Mdogo akanigeukia, sauti imeshuka, na hapo ndipo nilipomwogopa.

— Na mbona ulinyamaza? Mwaka hadi mwaka karai linapanda jeusi zaidi, na wewe uko hapo hapo. Nikisema leteni mchanga, mnaleta matope, na wote tunayaita mchanga.

Redio alijaribu kumtetea babu, asiyehitaji kutetewa. Tipa akasema tusilaumiane, mto nao huzeeka kama mtu, unaota tumbo, unapoteza mwendo, unashikwa na homa.

— Kingo zimebomoka, Baba Mdogo akamwambia. Miti imeangukia majini. Huo ndio uzee?

Shangazi alitukuta hapo, begi begani, sketi imelowa matope hadi magotini. Ni dada mkubwa wa Baba Mdogo, ameolewa mbali, na hakuwa amefika tangu tumzike babu. Tulimwamkia. Akaitikia, akachungulia ndoo, akatia vidole majini na kuvitoa upesi.

— Yana joto, akasema. Nimepita kivukoni. Pale tulikuwa tunavuka kwa miguu mitupu, juu ya mchanga, viatu mkononi. Ule mchanga umekwenda wapi?

Redio aliinamia kiatu ambacho alikwisha kukishona. Tipa alitoa funguo za lori mfukoni, akazitazama, akazirudisha. Muuza kahawa alisita na birika lake hewani.

— Karibu ukae, Shangazi, nikasema, maana alikuwa amechoka.

Akakaa. Akaegemeza kiganja pale zege lilipomomonyoka, na alipokiinua kilikuwa kimeshika chembechembe nyeupe za mchanga. Akazipangusa kwenye sketi yake, bado akisubiri jibu.

Baba Mdogo akachukua ndoo yake akaenda kutafuta chokaa.