Bi. Noela na Mti wa Ghuba ya Nabusiri

Bi. Noela Kokushubira anastaafu Jumatatu, Juni 30, 2025, baada ya kuitumikia idara ya uvuvi kwa miaka thelathini na mitatu. Miaka yote hiyo alikuwa katika ofisi yetu ya Mwanza, ingawa siku zake nyingi zilimalizikia kisiwani Nabusiri.

Alitoka Muleba akiwa na cheti kipya na hofu kubwa ya maji. Hakujua kuogelea, na hajui mpaka leo. Jaketi la kujiokolea alilivaa tangu anapofunga mlango wa nyumba yake Mkuyuni, na wauza nyanya wa pale walimzoea hivyo.

Kosa lake la kwanza ndilo lililomfanya apendwe. Nabusiri, sato wanapoanza kuzaliana, wazee hufunga ghuba kwa kusimika mti mmoja majini, na hakuna anayetupa wavu mpaka mti ung'olewe. Anayeung'oa ni mtu wa nyumba iliyofiwa mwaka huo. Wazee wanaamini mfiwa hana haraka, wala hashawishiki na mwenye nyavu. Bi. Noela, akiwa na wiki mbili tu kazini, aliuona mti ule, akadhani utatoboa mitumbwi, akaung'oa. Kufika mchana mitumbwi tisa ilikuwa ndani ya ghuba. Alipomwamkia Mzee Chenge, mkuu wa wazee, alijibiwa, "Marahaba, binti. Kwenu amekufa nani?"

Aliomba radhi nyumba kwa nyumba, kisha akausimika upya mwenyewe, maji yakimfika kifuani.

Mwaka 2009, ilipopendekezwa ghuba zote zifunguliwe kwa tarehe moja, alikaa na wazee siku nne, akaiandika desturi yao katika kanuni za kikundi cha wavuvi wa mwalo, pale mitumbwi inapotia nanga. Zikapitishwa. Leo sato mmoja wa Nabusiri anajaza sufuria.

Aliyemwendesha boti kwa miaka kumi na tisa ni Obedi, mume wangu, mzaliwa wa kisiwa hicho. Kila Novemba Bi. Noela alituletea senene kwenye kopo la maziwa. Obedi alisema yeye hali wadudu, lakini kopo lilirudi tupu. Alifariki Machi 9, baada ya kuugua wiki tatu.

Kwa hiyo mwaka huu mti ni wangu. Wazee walipanga Juni 14. Nilifika ufukweni, nikashindwa kushuka majini. Ngosha, mwenye mitumbwi mingi kuliko wote, akanung'unika kwamba watoto wake hawali msiba. Bi. Noela akamwambia, "Ngosha baba, mimi niliwahi kuung'oa kabla ya wakati. Usinifanye nirudie." Watu wakacheka, hata mimi. Wakabeba nyavu wakarudi nyumbani, na mpaka leo hakuna aliyeingia ghubani.

Najua alitamani kuiona ghuba ikifunguliwa akiwa bado mtumishi. Hakuniambia. Niliona tu kwenye kalenda ya ofisi tarehe aliyoiandika kwa penseli, kisha akaifuta.

Asante, Bi. Noela, kwa kutonihimiza. Migomba ya Muleba ikupokee vizuri, na afya isikupungukie. Ila usisafiri kabla ya Jumamosi, Julai 5. Siku hiyo nitashuka majini. Njoo na jaketi lako, usimame karibu yangu.

Bernadeta, masjala